Sokwe ni binamu, sio babu: maswali yenu kuhusu akili ya mtu na ilikotoka

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi mpaka simu ikawa inaganda, na sijui nani kaanzisha ila karibu zote zinazunguka jambo moja, akili ya binadamu imetoka wapi na mbona ina vituko hivi. Nimechagua sita. Nawajibu nikiwa hapa hapa Ujiji, barazani, umeme umekatika, kwahiyo pale nilipokimbia kidogo mjue betri ilikuwa inaisha.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtoto wa Mwanga, niko chuo mwaka wa kwanza nasoma saikolojia. Nilijua tutaanza na ushauri nasaha, msongo wa mawazo na mambo kama hayo, sasa wiki ya pili tu tumeletewa Darwin na sokwe. Likizo baba kaona daftari limejaa picha za sokwe akaniuliza "ada nimelipa ukasomee sokwe?" Nikakosa jibu. Kwani saikolojia na evolusheni zinakutana wapi?

Marahaba mwanangu. Mwambie mzee ada haijapotea, na mwambie kabisa kwamba mtoto wa Kigoma kusoma saikolojia bila kumjua sokwe ni sawa na kuzaliwa Kibirizi halafu hujui kuanika dagaa.

Kwanza tuondoe lile linalowachanganya wengi. Hakuna mwanasayansi anayesema mtu katokana na hawa sokwe wa hifadhi yetu ya Gombe, wala na nyani (na jamani nyani na sokwe ni wanyama wawili tofauti, nyani ndo yule mwenye mkia anayewapora watalii ndizi). Wanachosema ni kwamba sisi na sokwe ni mabinamu. Babu yetu wa pamoja aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, hakuwa sokwe na hakuwa mtu, uzao wake mmoja ukaenda huku mwingine ukaenda kule, na vinasaba vyetu ukivipanga pamoja bado vinafanana karibu asilimia 99.

Sasa hii evolusheni inafanyaje kazi, fikiria wavu. Wavu hauna akili wala haujapanga chochote, lakini ukivua kwa tundu la saizi moja miaka nenda miaka rudi, wale wanaopenya ndo wanabaki kuzaa, na watoto wao wanafanana nao, mwisho unashangaa ziwa limejaa vidogo vidogo vinavyopenya. Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza wa kwenye daftari lako, alisema maisha yenyewe ni wavu: njaa, chui, maradhi, kukosa mwenza. Huo ndo uteuzi wa asili. Kitabu chake cha 1859 kinaongelea zaidi njiwa, mimea na wanyama, binadamu kamgusa kwa mbali tu, ila mwishoni kabisa kaandika kwamba saikolojia itakuja kujengwa juu ya msingi mpya. Mwaka 1871 akamwingia binadamu mwenyewe, 1872 akatoa kitabu kizima kuhusu hasira, huzuni na furaha zinavyoonekana usoni kwa watu na kwa wanyama. Kwahiyo wewe kuletewa Darwin wiki ya pili sio mwalimu wenu kapotea njia, Darwin alishajihesabu kwenye somo lenu hata kabla halijawa somo.

Ubongo nao ni kiungo kama figo. Una kama asilimia 2 ya uzito wako lakini umekaa tu hapo unasoma hii unakula kama asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Mgeni anayekula hivyo nyumbani kwako utamuuliza unafanya kazi gani. Ndo swali wanalouliza wanasaikolojia wa evolusheni: hofu, wivu, aibu, upendo wa mama, hivi vitu vilikuwa vinawafanyia kazi gani wazee wetu mpaka vikapenya kwenye wavu? Wengine wanauliza hofu inafanyaje kazi, hawa wanaongeza kwa nini ipo kabisa, na yale maswali mawili hayagombani.

Na kuhusu ushauri nasaha uliokuwa unautegemea, hapo ndo patamu. Utafundishwa mbele kidogo habari ya mtoto kushikamana na mama, na kwamba mtoto akikosa mtu wa kumshika anakuja kupata shida ukubwani. Aliyeijenga hiyo nadharia ni daktari Mwingereza John Bowlby. Siku zile wakubwa wengi wa saikolojia waliamini mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa basi. Bowlby akaenda kusoma mambo ya wanyama, akakuta mtafiti wa wanyama Konrad Lorenz na vifaranga vya bata bukini vinavyomfuata yeyote wanayemuona mwanzo hata kama hajawalisha kitu, akakuta mwanasaikolojia Harry Harlow kule Marekani na watoto wa tumbili waliowekewa mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa asiye na kitu, na vile vitoto vikawa vinanyonya kwa wa waya mara moja halafu vinarudi kukumbatia kitambaa kutwa nzima. Bowlby akasema basi, kulia mama akiondoka sio deko, ni kengele, kwenye pori lenye chui mtoto aliyenyamaza mama akienda zake hakukua akazaa.

Aliyemsaidia Bowlby kuelewa mambo ya wanyama ni profesa wa Cambridge anaitwa Robert Hinde. Na Hinde huyo huyo ndo aliyemsimamia masomo binti mmoja aliyekuwa anatokea wapi? Gombe, hapo juu tu ukipanda boti Kibirizi. Jane Goodall alishuka pale Julai 1960 akiwa na miaka 26, hana digrii, kaongozana na mama yake mzazi, na mwaka ule ule akamuona sokwe dume aliyempa jina David Greybeard anachomeka unyasi kwenye kichuguu, anauchomoa umejaa mchwa, anakula. Vitabu vilikuwa vinasema kutengeneza zana ni kazi ya mtu peke yake. Alipofika Cambridge maprofesa wakamkoromea eti kwa nini unawapa wanyama majina na sio namba, na kwa nini unasema wana hulka. Mwaka 1972 jike mzee, Flo, akafa. Mwanae Flint alikuwa na miaka 8, ameshakua, anajua kula mwenyewe, lakini akajikunja karibu na pale mama yake alipofia, hali, hachezi, ndani ya mwezi naye akafa. Sasa mwambie baba aniambie huyo alikufa kwa kukosa maziwa? Hicho kisa kimetokea kwenye mkoa wetu na ni sehemu ya kuelewa mtoto yatima anayekuja kukaa mbele yako ukiwa mshauri.

Kama mzee ataleta na suala la dini, usibishane nae. Mi mwenyewe Ijumaa naswali. Nani kaumba na kwa nini kaumba, hayo tunawapelekea mashehe na mapadri, hawa wa maabara wanaulizia vilivyopo vimefikaje vilivyo, na mtihani wako utakuuliza hilo la pili.

Mwalimu habari za kazi. Mimi mvuvi, niko Katonga. Usiku naingia ziwani siogopi, laifu jaketi sivai, upepo ukija nakaza tu. Lakini nyoka! Juzi kamba imejikunja ndani ya mtumbwi nimeruka nusura niingie majini, wenzangu wananicheka mpaka leo. Nina ugonjwa?

Nzuri kaka. Huna ugonjwa, una ubongo wa zamani kwenye kazi ya sasa.

Kuna majaribio aliyafanya mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake Marekani. Walichukua tumbili waliozaliwa maabara, hawajawahi ona nyoka, ukiwawekea nyoka wanachukua chakula chao kama kawaida. Yaani hawakuzaliwa na hofu. Kisha wakawaonesha tumbili wa porini anavyoshtuka akiona nyoka, na mara moja wakaanza kuogopa. Hapo utasema basi ni kuigana tu. Ndo wakacheza na video, wakaziunganisha ionekane tumbili yule yule anashtukia maua au sungura wa bandia. Waliotazama hiyo hawakujifunza kuogopa maua. Ila walioonyeshwa mwenzao anaogopa nyoka wa bandia au mamba wa bandia wakajifunza fasta. Kwahiyo kilichorithiwa sio hofu yenyewe, ni utayari, kama shamba lililolimwa tayari linasubiri mbegu, na ni mbegu ya nyoka na mamba sio ya maua. Kwa binadamu pia, watoto wa miaka 3 mpaka 5 ukiwapa picha nyingi wanamuona nyoka haraka kuliko ua au chura.

Na kuhusu kamba, daktari wa akili mmoja anaitwa Randolph Nesse kaeleza vizuri sana, yeye katumia mfano wa king'ora cha moshi ila huku kwetu tuseme mbwa. Mbwa wako anabweka hata jani likidondoka, inakera, lakini gharama yake ni usingizi kidogo. Mbwa anayesubiri awe na uhakika kwamba ni mwizi, siku akipata uhakika TV imeshaondoka. Kuruka kamba mara mia ni bei ndogo kuliko kukanyaga nyoka mara moja, ndo maana hofu zetu nyingi zimetegwa kwenye kubweka kupita kiasi.

Lakini kaka hapo kwenye laifu jaketi ndo umenisikitisha. Akili yako haina kengele ya maji ya kina kirefu usiku, haina kengele ya bodaboda ya mwendo kasi, wala ya waya wa umeme uliochubuka, kwa sababu hivyo vitu (au sisi kwenda navyo hivi) vimekuja juzi tu ukilinganisha na miaka milioni ya nyoka. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 kule lilikozama zaidi. Usisubiri uogope ndo uvae. Vaa.

Samahani, swali langu la kijinga kidogo. Miaka miwili iliyopita nilikula samaki mgebuka wa mawese, usiku nikatapika vibaya mno, hospitali wakapima wakasema malaria. Nyumba nzima walikula na hakuna aliyeumwa. Najua kabisa mgebuka hauna kosa, lakini mpaka leo nikisikia harufu yake tumbo linageuka, na mume wangu ndo chakula chake. Anasema najideka. (Mama wa Kasulu)

Dada sio la kijinga hata kidogo, umeuliza swali lililotikisa saikolojia nzima.

Kwa miaka mingi walimu wa saikolojia waliamini unaweza kumfundisha mnyama kuunganisha chochote na chochote, kengele na chakula, taa na shoti, yote sawa. Mwaka 1966 John Garcia na mwenzake Koelling wakawapa panya maji yenye ladha, na kila panya akinywa taa inawaka na kelele inalia. Wengine wakafanywa waumwe tumbo, wengine wakapigwa shoti miguuni. Waliougua tumbo wakakataa ladha, taa na kelele hawakujali. Waliopigwa shoti wakaogopa taa na kelele, ladha wakaendelea nayo vizuri tu. Na uzuri (au ubaya) ni kwamba tumbo linaweza kuuma masaa mengi baadae na bado panya analaumu chakula, na ni mara moja tu inatosha. Kazi za Garcia zilikataliwa kwenye majarida makubwa mwanzoni, watu hawakuamini.

Ukiliangalia kwa jicho la wavu linaeleweka. Mnyama anayekula vitu vingi porini, akiumwa tumbo, mkosaji mara nyingi ni alichokula. Sio mwanga, sio sauti ya ndege. Aliyehitaji kula sumu mara tano ndo ajifunze hakuacha watoto. Kwahiyo mwili wako ulipotapika uliangalia nyuma ukamkuta mgebuka mlangoni ukamkamata, na majibu ya hospitali hayakufika huko chini, yaliishia kwenye sehemu inayosoma karatasi. Mi mwenyewe maandazi ya iliki siyagusi tangu nikiwa darasa la sita kwa kisa kama hicho.

Mwambie mume wako hujideki. Ila inapungua, anza mbali: mgebuka wa kukausha badala ya ule wa mawese, kidogo sana, siku tumbo liko salama na una njaa kweli, uache siku kadhaa, urudie. Usijilazimishe sahani nzima, ukitapika tena umeanza upya.

Bro, nimesoma kwamba mwanaume kiasili ameumbwa kuwa na wengi, ni evolusheni. Mke wangu hataki kuelewa sayansi. Nimwelezeje?

Usimweleze. Na malaria ni ya asili, tunameza dawa. Kueleza kitu kimetoka wapi sio kukipa ruhusa, na hao watafiti wenyewe wanalirudia hilo mpaka wanachoka. Tena umesoma nusu ya somo. Sokwe dume hahangaiki kulisha mtoto, mwanaume wa kibinadamu karibu kila jamii anahangaika, hiyo nayo ina historia yake ndefu na huitaji kitabu kuiona, angalia soko la Mwanga jioni baba wanavyobeba mifuko. Na kama unataka kila cha asili kiheshimiwe basi wivu wa mkeo nao umepita kwenye wavu huo huo, sijui utajificha wapi.

Mwalimu mi naona hizi ni stori tu. Unachukua tabia yoyote, unasema "zamani porini ilisaidia", nani atakupinga? Hakuna aliyekuwepo.

Umepiga penyewe. Mwaka 1979 wanasayansi wawili wakubwa wa Harvard, Stephen Jay Gould na Richard Lewontin, waliwasema wenzao hivyo hivyo, kwamba sio kila kitu mwilini kina kazi, vingine vimejitokea tu kama masalia ya kitu kingine. Na kweli kuna takataka nyingi zinaandikwa kwa jina la evolusheni, hasa zile za mitandaoni za "kwa nini wanawake wanapenda viatu".

Dawa ni kubashiri kabla hujaangalia. Fanya hili na jirani yako sasa hivi. Karata nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, D, 7 na 3. Kanuni: karata yenye A lazima nyuma iwe na 7. Ugeuze zipi, zile tu za lazima, kujua kama kanuni imevunjwa?

Wengi wanasema A na 7. Wamekosa, ni A na 3: nyuma ya 7 hata kukiwa na herufi gani kanuni haivunjiki, ila 3 ikiwa na A nyuma imevunjika. Peter Wason, mwanasaikolojia Mwingereza, alilianzisha hilo miaka ya 1960 na wasomi wazima walikuwa wanaanguka. Sasa badilisha, uko kwenye kikoba: aliyekopa lazima awe na mdhamini. Kila karata upande mmoja imeandikwa kama mtu kakopa, upande wa pili kama ana mdhamini. Unaona: kakopa, hajakopa, ana mdhamini, hana mdhamini. Wagonge akina mama wowote wa kikoba hapo, sekunde mbili wamekujibu, nampekua aliyekopa na asiye na mdhamini. Hesabu ni ile ile! Mwanasaikolojia Leda Cosmides alibashiri hivyo, akasema viumbe wanaoishi kwa kukopeshana fadhila wasingedumu bila jicho la kumkamata mla bure, na majaribio yake yakampa nguvu. Wapo waliompinga, wanasema ni lugha ya swali tu inayosaidia, hakuna jicho maalum, na ubishi haujaisha. Lakini umeona tofauti, hapa kuna kitu cha kubishania kwa vipimo, sio stori ya moto wa kambi.

Bibi yetu ana miaka 74, yuko Bangwe, kila siku saa tisa usiku macho, anawasha redio, anaulizia mlango umefungwa. Tumpeleke hospitali?

Kama mchana yuko mchangamfu, hakoromi akakatika pumzi, hana maumivu na hana huzuni, wala usikimbilie dawa za usingizi. Ukiona dalili hizo ndo mpeleke.

Wahadzabe wa kule ziwa Eyasi, wanaowinda na kuchimba mizizi mpaka leo, waliwahi kuvalishwa vifaa vya kupima usingizi, watu wazima 33, siku 20. Kwenye masaa zaidi ya 220 ya usiku, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Wazee wanalala mapema wanaamka mapema, vijana kinyume, kwahiyo kambi haikosi mtu macho, na watafiti hao wakapendekeza kwamba huenda usingizi mwepesi wa uzeeni ulikuwa ulinzi wa wengine, porini kuna simba. Bibi yenu yuko lindo. Mumjibu tu kwamba mlango umefungwa, na hiyo redio mpunguzieni sauti.